Naombeni ushauri: begi gani la gofu linanifaa, natembea raundi nzima na kedi (mbeba begi)

mgeni_wa_feawei

Wakuu habari za jioni. Nina miezi nane tangu nianze gofu, nachezea Lugalo hapa Dar, Jumamosi asubuhi mashimo 18 na kedi, halafu siku moja moja katikati ya wiki nikitoka kazini napiga mashimo machache jioni na begi nabeba mwenyewe. Fimbo ninazo 11: draiva na mbao namba 5 (za kupiga mbali), haibridi moja (kati ya mbao na aini), aini kuanzia 5 mpaka 9 (za umbali wa kati), weji mbili (za karibu) na pata (ya kusukuma mpira shimoni).

Begi ninalotumia nimeazimwa na mjomba, la siku nyingi, mkanda mmoja tu wa begani na vyumba vya juu vimechanika, kwa hiyo nikivuta aini 7 inatoka na aini 8. Nimejibana miezi minne nimepata hela ya kununua langu na sitaki kukosea maana sidhani kama nitanunua jingine karibuni.

Nimeona matatu. La kwanza ni lile kubwa kama wanalobeba makedi wa maprofesheno kwenye tivi, la mtumba ila safi sana, linang'aa, mifuko kila upande. La pili la miguu (inayofunguka lisimame lenyewe), jepesi, mikanda miwili kama begi la shule. La tatu ni la kukaa kwenye toroli ya kusukuma au kigari cha kupanda, lina vyumba 14, kila fimbo na chumba chake. Nisiwafiche, moyo umependa lile la kwanza, kila nikipita pale dukani lazima niliangalie. Bei zake hazipishani sana. Anayejua naomba anisaidie, na kama kuna kitu cha kuangalia kabla ya kutoa hela niambieni.

---

kedi_wa_zamani

Mkuu karibu sana kwenye mchezo. Mimi nimebeba mabegi ya watu miaka tisa kabla sijaanza kucheza mwenyewe, kwa hiyo nitakujibu kutokea upande wa bega.

Swali la kwanza kabla ya rangi na mifuko ni nani atalibeba hilo begi na atalibeba kwa kitu gani. Umesema mwenyewe, Jumamosi kedi, jioni wewe. Maana yake kila siku begi lako linakaa kwenye mwili wa mtu, halikai kwenye toroli wala kigari. Hapo lile la kwanza ungeliondoa kwenye hesabu leo leo hata kama linang'aa vipi.

Nikupe mfano wa kweli. Kulikuwa na mzee mmoja nilimbebea muda mrefu, mtu mwema sana, ananilipa vizuri na ananisalimia kwa jina, alikuwa na begi kubwa kama hilo unalosema. Siku moja tulipomaliza raundi nikaomba tulipime kwa jirani anayeuza mkaa, ana ule mzani wa kuning'iniza wenye ndoano. Tukalitundika. Mshale ukasimama kilo 16 na kidogo. Mzee hakuamini, akasema pima tena. Tukapima tena, ni hiyo hiyo. Tukakaa chini tukaanza kutoa kitu kimoja kimoja pale kwenye mchanga: begi tupu peke yake kilo 5, fimbo 14 zikatoa kilo 5 na nusu hivi, mipira 24 kilo moja na ushee (mpira mmoja ni kama gramu 46 usiuone mdogo), chupa mbili za maji za lita moja na nusu hapo kilo 3 tayari, koti la mvua, mwamvuli, na soksi za juma lililopita.

Asa chukua kilo 16 hizo utembee nazo. Mashimo 18 kwa mguu si chini ya kilomita 8, na kedi anatembea zaidi yako kwa sababu yeye ndiye anayeenda kutafuta mpira kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni) wewe umesimama kivulini. Mpaka shimo la 14 mkanda mmoja ule mpana umeshaingia kwenye nyama ya bega, jasho limelowanisha shati, ukihamisha bega la kushoto nalo linawaka, na hapo hapo unatakiwa umwambie mtu imebaki yadi ngapi na upepo unatoka wapi. Sitasema uongo, ukiwa umechoka hivyo unasema namba yoyote inayokuja mdomoni. Kwa hiyo hata kama hujali bega la kijana wa watu, jali skoa yako (hesabu ya mikwaju uliyopiga).

Wale maprofesheno begi lile wanabebewa kwa sababu ni ubao wa matangazo, kuna jina la kampuni linatakiwa lionekane kwenye kamera, na ndani wanaweka nguo za aina tatu, glavu sita, vyakula. Wewe una fimbo 11.

Chukua la miguu. Hayo mengi yanacheza kwenye kilo 2 mpaka 2 na nusu likiwa tupu. Ukiweka fimbo zako 11, mipira 8, chupa moja ya maji, huvuki kilo 9. Kedi wako atakupenda na jioni ukiwa peke yako utatembea bila kusimama simama.

---

Baba_Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Nakubaliana na ndugu yangu hapo juu kwa uzito, ila mimi nataka niongeze habari ya chumvi maana Dar na Mombasa hali ni moja.

Sisi tunacheza Nyali, upepo wa bahari unavuma mwaka mzima, na kitu kinachokufa cha kwanza kwenye begi si kitambaa, ni zipu. Mimi begi langu la kwanza nililinunua duka moja nikaambiwa ni la kudumu, mwaka haujaisha zipu ya mfuko wa mipira imeshika kutu haifunguki, nikawa naivuta kwa koleo, mwisho ikakatika. Nikaangalia kumbe kichwa cha zipu ni chuma tupu kilichopakwa rangi ya fedha. Siku hizi nikinunua naangalia zipu za meno ya plastiki na vishikio vya kamba, hizo hazishiki kutu. Na mguu wa begi pia, angalia pale chini kwenye kitako kuna waya mnene unaosukuma miguu ifunguke ukiegemeza begi. Huo waya na bawaba zake ndipo chumvi inapokaa. Kila mwisho wa juma mimi napitisha kitambaa chenye maji baridi kisha nakausha, na mara moja kwa mwezi tone la mafuta ya cherehani. Begi nililonalo sasa lina miaka sita na miguu inafunguka kama siku ya kwanza.

Kuhusu la mtumba sisemi ni baya, mengi ni mazima kabisa. Lakini fungua kila zipu mara tatu, na uingize mkono mpaka chini kwenye vyumba uone kama vitambaa vya kutenganisha vimeshonwa mpaka kwenye kitako au vimeachia. Vikiachia, mipini ya fimbo itapandana huko chini na utakuwa na shida ile ile ya begi la mjomba wako.

---

shimo_la_19

la miguu chukua usifikirie mara mbili. vyumba 4 au 5 vinakutosha kabisa, vile 14 ni vya kupendezesha tu

---

Dada_wa_UsaRiver

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu. Mimi nacheza huku Arusha, Kili Golf, mara nyingine Gymkhana, na nimeona hakuna aliyegusa urefu wa begi, nami ni mfupi, futi tano na inchi moja, kwa hiyo hii shida ninaijua.

Mabegi mengi yametengenezwa kwa fimbo za wanaume warefu. Fimbo za wanawake ni fupi kidogo, sasa nilipoingiza weji zangu kwenye begi nililopewa zawadi zilizama, vichwa vikawa viko chini ya mdomo wa begi, kila nikitaka weji naingiza mkono kama natafuta sarafu kisimani. Halafu likining'inia begani kitako chake kinanigonga nyuma ya goti kila hatua. Raundi ya kwanza nikamaliza nikiwa na alama nyekundu mguuni. Nikalibadilisha na la miguu fupi, mikanda miwili inayorekebishika, sasa linakaa juu ya kiuno na mgongo unagawana uzito pande mbili. Tofauti ni kubwa mno jamani. Mkuu hujasema urefu wako lakini nenda dukani NA FIMBO ZAKO, zote, ziingize, livae, tembea nalo kutoka upande mmoja wa duka mpaka mwingine, liweke chini, linyanyue, rudia mara kumi. Muuzaji akinuna mwache anune, hela ni yako.

Jingine ni mvua. Masika ya Machi mpaka Mei huku kwetu haichezi, unaweza kuanza shimo la kwanza Meru inaonekana mpaka kilele na ukifika la tano hujioni mkono. Angalia kama begi lina kofia yake ya kufunika fimbo na kama ile kofia inafungwa kwa zipu au vifungo, maana zile za kuwekwa tu juu zinapeperuka. Mipini ikilowa ndiyo basi tena, fimbo inazunguka mkononi. Kitambaa cha begi kikiwa cha kuzuia maji kabisa bei inapanda, ila kama unacheza masika hiyo hela haijapotea.

Mimi siku za kawaida natumia toroli ya kusukuma, kwa hiyo nimejifunza kitu: begi la miguu kwenye toroli huwa linajizungusha, miguu inazuia lisikae vizuri. Kuna mengine yana mkanda wa kufungia miguu isifunguke na kitako kimekatwa bapa, hayo yanakaa. Kama una ndoto ya kununua toroli baadaye tafuta la namna hiyo ukae nalo muda mrefu.

---

Mzee_Pata

Naomba niweke neno kwa ajili ya hilo begi la vyumba 14, naona linapigwa tu humu.

Mimi nina miaka 63, mgongo ulifanyiwa upasuaji, natumia kigari kila raundi. Begi la miguu lilinitesa: likifungwa nyuma ya kigari nusu ya mifuko inaangalia kwenye kiti, kutoa mpira lazima ulifungue mkanda uligeuze. Begi la kigari mifuko yote inaangalia nje, kitako bapa, halitikisiki, na kila fimbo ina nyumba yake kwa hiyo nikirudi kutoka grini (zile nyasi fupi zenye shimo) naona kwa jicho moja kwamba chumba cha weji kipo tupu, nimeiacha pale pembeni ya bendera. Kwa mtu wa umri wangu hilo limeniokoa fimbo mbili tayari. Bwana shimo_la_19 si kupendezesha tu, vyumba vikiwa vimeshonwa mpaka chini mipini haisuguani, ile raba ya mpini inadumu.

Ila kwa kijana anayetembea, hapana. Vitambaa vyote hivyo vya ndani ni uzito. Na begi hilo halina miguu, ukifika kwenye mpira unalilaza kwenye nyasi zilizolowa, kedi anainama kulichukua, mara 80 au 90 kwa raundi. Angalau la miguu analisimamisha.

Na kitu kimoja kijana, vyumba 14 visikufanye uone una deni la kuvijaza. 14 ndiyo mwisho kisheria, si lazima. Ukizidisha hata moja ukaanza nayo raundi unaadhibiwa kwa kuongezewa mikwaju miwili kwa kila shimo, isizidi minne kwa raundi nzima. Nimemwona mtu amepoteza kombe la klabu kwa sababu mwanawe aliingiza fimbo yake ndogo ya kujifunzia kwenye begi la baba bila kujua. Hesabu fimbo kabla ya kupiga mpira wa kwanza, kila siku, hata ukiwa na 11.

---

shimo_la_19

@Mzee_Pata nimekusoma mzee wangu, kwenye kigari hapo upo sahihi, mimi sijawahi kupanda kigari ndo maana

---

mgeni_wa_feawei

Wakuu nimerudi, asanteni sana, nimesoma kila mstari na jana nimeenda na fimbo zote 11 kwenye kanga ya mke wangu kwa sababu begi la mjomba nilishalirudisha.

Nikaanza na lile kubwa, nililiomba mwenyewe lazima nilijaribu nafsi itulie. Nikaweka fimbo, nikaweka na chupa mbili za maji nilizokuja nazo, nikalibeba nikazunguka nalo lile eneo la maegesho nje mara sita. Mzunguko wa nne nimeanza kubadilisha bega. Nikamkumbuka kijana anayenibebea Jumamosi, hana mwili mkubwa yule, na anaanza na mimi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikalirudisha.

La miguu nalo nikalifanyia kama dada alivyosema, juu chini mara kumi, mguu mmoja ukawa unachelewa kufunguka! Nikamwambia muuzaji, akaenda stoo akaleta jingine la aina ile ile, hilo miguu inafunguka pamoja. Zipu za plastiki, vishikio vya kamba, kofia ya mvua ya vifungo, vyumba vitano na vimeshonwa mpaka chini nimeingiza mkono. Kitako kimekatwa bapa na kuna kamkanda ka kufungia miguu. Nimelichukua la bluu iliyoiva.

Leo jioni nimetembea nalo mashimo saba, kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba nafika kwenye mpira pumzi ikiwa bado ipo, siyo kama zamani nafika nahema napiga hivyo hivyo. Ila nina maswali mawili ya mwisho. Fimbo nazipangaje kwenye vyumba vitano? Na Desemba nina safari ya kazi Arusha kwa ndege, nataka nikajaribu huko kwa dada, begi hili jepesi si litavunjwavunjwa huko kwenye mizigo?

---

kedi_wa_zamani

Hongera mkuu, na kwa niaba ya yule kijana wa Jumamosi asante.

Kupanga ni rahisi. Begi likiwa limesimama kwa miguu yake, chumba kilicho juu kabisa, upande wa mikanda, weka ndefu: draiva na mbao. Kinachofuata haibridi na aini 5, 6. Katikati aini 7, 8, 9. Chini kabisa upande wa miguu weji. Pata ipe chumba chake peke yake juu pale pembeni, isigongane na nyingine maana inatoka na kuingia kila shimo. Zikiwa ndefu juu fupi chini unaziona zote, na uzito ukikaa mgongoni haukuvuti nyuma.

Na vitu vizito, maji na mipira, weka mifuko ya chini inayogusa mgongo, usiweke ule mfuko wa nje kabisa. Ukizoea kuweka nje begi linapinda na mkanda mmoja unabeba zaidi.

Nyingine, kwenye mteremko usiliache tu. Geuza miguu iangalie bondeni, likiangalia kilimani upepo kidogo linaenda chini na fimbo zote zinamwagika, nimeokota sana.

---

Dada_wa_UsaRiver

Karibu sana kaka, ukija Desemba niandikie mapema nikutafutie kedi mzuri.

Safari: usilipeleke uwanja wa ndege likiwa uchi. Tafuta koti la safari, lile lenye sponji nene upande wa vichwa vya fimbo, hata la kuazima. Kabla ya kulifunga chukua mti wa fagio, ukate uwe mrefu kuliko draiva yako kwa vidole vitatu hivi, uingize katikati ya fimbo. Wakilirusha kwa kichwa ule mti ndio unaopokea kishindo, shingo ya draiva inabaki salama. Kama draiva yako ni ya kufungua kichwa kwa kifunguo, kifungue, kivalishe soksi, kiweke kwenye mfuko wa nguo. Taulo na fulana zungushia vichwa vya aini. Miguu ifunge na kale kamkanda isije ikafunguka ndani. Na uliza shirika unalosafiri nalo uzito wa mzigo kabla hujafika kaunta, wengine begi la gofu wanahesabu kama mzigo wa kawaida wengine wanalipisha pembeni.

Mipira usijaze, huku ipo. Maji pia yapo.

---

mgeni_wa_feawei

Mti wa fagio nimeshaukata dada, nimepima na draiva umezidi vidole vitatu. Tutaonana Desemba Mungu akipenda.